Berlin na makaratasi yake
Sheria ya Ujerumani inakutaka uandikishe anwani ndani ya siku 14 tangu uhamie. Haya, ingia mtandaoni utafute miadi hapa Berlin: kalenda yote nyekundu, yaani imejaa, mpaka mwezi ujao! Na usiende mikono mitupu, wanataka barua ya mwenye nyumba. Wangu kodi anapokea chapuchapu, barua ni "kesho, kesho". Bila cheti cha anwani, benki imenigomea akaunti. Bila akaunti, zile euro 992 za mwezi, pesa ya kujikimu iliyofungiwa kwenye akaunti maalumu kwa ajili ya viza, zimekwama hukohuko, na ni jasho la mzee wangu hilo. Ila ukishaandikishwa tu, bili ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi, inakufuata yenyewe mlangoni. Haihitaji miadi. Televisheni yenyewe sina.