Miaka 13 ya kuisubiri The African Queen

Machi 23, 2010, filamu ya The African Queen iliingia madukani Marekani kwenye DVD na Blu-ray. Diski za DVD zilikuwa zimeanza kuuzwa huko tangu 1997. Kwa miaka 13, hadithi ya nahodha mlevi na dada wa mmisionari wanaoteremka mto katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, wakiwa wamepania kuizamisha meli ya kivita ziwani, ilibaki kwenye kanda za VHS na nakala za mlango wa nyuma. Hii ndiyo filamu iliyompa mwigizaji Humphrey Bogart, yule nahodha, Oscar yake pekee. Mwaka 1998 American Film Institute iliiweka nafasi ya 17 kati ya filamu 100 bora za Marekani.

Watu walinung'unika, na walikuwa na haki. Waingereza walikwishapata DVD yao mapema, tena yenye sauti ya Jack Cardiff, mpiga picha mkuu, akisimulia mateso ya kupiga picha Kongo na Uganda mwaka 1951. Kama Uingereza iliwezekana, Marekani ilishindikana nini? Jibu la mtaani lilikuwa fupi: Paramount, studio yenye haki za Marekani, ni wavivu, au wanavizia soko. Mimi mwenyewe nimelisema hilo kwa sauti kubwa. Siku hizi nalisema kwa sauti ya chini sana.

Paramount walikuwa na haki ya kuuza, lakini mali yenyewe, yaani negativu asilia (filamu iliyopita ndani ya kamera), ilikuwa upande wa Waingereza. Na negativu hiyo haikuwa moja. Technicolor, mtindo wa kupiga picha za rangi wa enzi hizo, uligawanya mwanga ndani ya kamera na kuupeleka kwenye negativu tatu za rangi nyeusi na nyeupe: moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Rangi tunayoiona ilizaliwa maabara, pale zote tatu zilipokutanishwa.

Sasa fanya hesabu. Filamu ina dakika 105, na kila sekunde ina picha 24. Hizo ni picha 151,200. Zidisha mara tatu: 453,600. Kila moja ilipaswa kupita kwenye skana, kisha ikalie wenzake wawili bila kupishana hata unywele. Shida ni kwamba filamu ikikaa miaka hamsini na zaidi husinyaa, na hizi tatu hazisinyai sawasawa. Ukizibandika tu hivi hivi, midomo ya Katharine Hepburn, anayeigiza yule dada wa mmisionari, inapata kivuli chekundu pembeni na majani ya mtoni yanaonekana mawili mawili. Kabla ya kompyuta zenye nguvu ya kutosha, hakuna aliyeweza kuzilazimisha zilingane picha kwa picha. Anayesema kazi hii ingefanyika mwaka 1999 bora hivi hivi, nadhani hajakaa akaitazama namba hiyo: 453,600.

Waliotaka diski mapema wana jibu, nami nalikubali nusu. Wanasema: toeni iliyopo, iliyo bora ije baadaye. Filamu nyingi zimeuzwa mara mbili, mara tatu, na watu wamenunua tena. Tena mwenye kusubiri ana umri wake. Aliyeiona sinemani akiwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1952 alikuwa anakaribia themanini diski ilipofika. Hilo halina utetezi. Ila naona pia kwamba diski mbovu ikishauza, hoja ya kutoa fedha za ukarabati inadhoofika. Mhasibu atauliza: si tayari ipo?

Lakini kilichonibadilisha mimi kilikuwa jambo dogo kuliko yote hayo. Filamu inafungukia kanisani, wanakijiji wakiburuza wimbo ambao hawauelewi, jasho likiwatiririka. Kwenye kanda niliyoizoea, waumini wale walikuwa donge moja jeusi lenye macho. Kanda mbovu humeza kwanza sehemu za giza, na ngozi zetu ndizo zinazotangulia kumezwa. Kwenye nakala iliyokarabatiwa, yule ni mzee, huyu ni binti, na kuna anayeonekana amechoshwa kabisa na mahubiri. Filamu haikuwapa hata neno moja la maana la kusema; angalau sasa wana sura. Kwa Mmarekani, ukarabati ulirudisha rangi. Kwangu mimi ulirudisha watu.

Usafi huo una gharama yake. Matukio ya Bogart na Hepburn ndani ya maji yalipigwa kwenye matangi London, kwa sababu maji ya huku yaliogopwa kwa maradhi, kichocho kikiwemo. Zamani ukungu wa kanda uliificha mishono hiyo. Leo jicho kali linaona wapi mto ni mto na wapi ni studio. Nakubali kuishi na hilo.

Nisichokubali ni hiki. Toleo la 2010 la Marekani lilikuja na makala ndefu ya jinsi filamu ilivyotengenezwa, likaiacha nje sauti ya Cardiff iliyokuwa kwenye diski ya Waingereza. Cardiff alikuwa amefariki Aprili 2009, miezi 11 tu kabla. Ukarabati ulihitaji miaka. Kuweka sauti iliyokwisha rekodiwa kulihitaji makubaliano na saini.

Na kuna suala la namba za kanda, yaani maeneo ya dunia, zinazofungia DVD icheze tu kwenye deki za eneo lake. DVD ya Marekani ni ya kanda ya 1. Tanzania, Uganda na Kongo, nchi ambako hadithi imewekwa au picha zilipigwa, ziko kanda ya 5. Aliyeletewa diski hiyo na ndugu yake kutoka Marekani, akaitia kwenye deki isiyofunguliwa, alipokewa na maandishi kwamba haichezeki hapa.