Peke Yangu Mlimani, na Bado Niko Kwetu

Mkazi wa Dar es Salaam anayewaaga wenzake Ijumaa jioni kwamba kesho anakwenda Morogoro kupanda mlima huulizwa "na nani?" kabla ya kuulizwa mlima gani. Akijibu kwamba anakwenda mwenyewe, sura za watu hubadilika: wengine humwonea huruma, wengine hudhani ameachwa, na wapo wanaomshauri kwa nia njema asubiri kundi litakaloondoka mwisho wa mwezi kwa basi la kukodi. Mimi ni mwanamke niliyezaliwa na kukulia Temeke, na nimepanda milima peke yangu kwa muda wa kutosha kujua kwamba swali hilo halihusu usalama tu. Ndani yake mna dhana kwamba mlimani si mahali petu, kwamba mtu wa mjini, hasa akiwa mwanamke, lazima awe na sababu, shahidi na fulana ya sare ndipo apate haki ya kuwa kule. Dhana hiyo naipinga kwa moyo wote.

Inakotoka napaelewa. Kutembea kwa miguu kumepewa heshima kubwa katika nchi hii, lakini ni heshima ya kundi. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, vijana walitembea mwendo mrefu kuliunga mkono, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akatoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu. Hadi leo tuna Mbio za Mwenge, na karibu kila mwezi hapa jijini kuna matembezi ya hisani yanayoanza alfajiri kwa bendi na kuishia kwenye hotuba ya mgeni rasmi. Matembezi hayo nayapenda na nimeshiriki. Ila yametuzoesha kuamini kwamba mwendo wa miguu lazima uwe na lengo la kutangazwa, na kwamba anayetembea bila lengo hilo ama hana nauli ama amepotea. Tunasahau kwamba Mwalimu huyo huyo, alipokuwa akifundisha Pugu katika miaka ya 1950, anakumbukwa pia kwa kushuka mjini kwa miguu, mwendo wa kilomita zipatazo 20, bila bendi.

Dhana ya pili, ambayo inaniudhi zaidi, ni kwamba kupanda mlima ni starehe ya wageni. Picha za Kilimanjaro tunazozizoea zina mtalii mwenye koti la gharama mbele na wapagazi wetu nyuma yake wamejitwika mizigo, na mtoto anayekua akiziona picha hizo hujifunza nani anapanda na nani anabeba. Lakini Mjerumani Hans Meyer, anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kufika kileleni, alipofika huko mwaka 1889 alikuwa amepitia kwa Wachaga wa Marangu, watu walioishi na mlima ule vizazi na vizazi, na Yohani Lauwo wa Marangu anatajwa miongoni mwa walioongoza msafara wake. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, aliyesimama kileleni na bendera na mwenge wa nchi mpya alikuwa Alexander Nyirenda, ofisa kijana wa jeshi letu. Hatukuzaliwa kubeba mizigo tu.

Hata hivyo, mlima ninaoupenda kuliko yote si Kilimanjaro. Kule kanuni za hifadhi zinamtaka kila mpandaji awe na mwongozaji mwenye leseni, na gharama zake mfanyakazi wa kawaida hazimudu kwa mshahara wa mwezi mmoja. Mlima wangu ni Uluguru. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari iliyokuwa ikitumaliza asubuhi nzima kwenye foleni ya Kibaha na Chalinze huchukua chini ya saa mbili, na mtu anayeondoka na treni ya alfajiri anaweza kuwa kwenye njia ya Morningside, inayopanda Uluguru, kabla jua halijawa kali. Vilele vyake si virefu kwa kipimo cha dunia: Lupanga, unaouona ukiwa mjini Morogoro, una zaidi ya mita 2,100, na Kimhandu, ulio mrefu kuliko vyote, unapita mita 2,600. Misitu yake ina ndege na vinyonga wasiopatikana popote pengine duniani. Lakini kwangu mimi hoja kubwa kuliko zote ni maji. Vijito vinavyochuruzika kutoka mitelemko ya Uluguru huingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaojaza sehemu kubwa ya mabomba ya jiji letu. Mwaka 2022 kina chake kiliposhuka na mgao wa maji ukaanza, Temeke tulipanga ndoo usiku, na sidhani kama wengi wetu pale foleni tuliwaza kuhusu msitu ulio juu ya Morogoro. Mtu aliyekunywa maji ya mlima tangu utotoni hahitaji kuuliza kama anaruhusiwa kuutembelea.

Wala njia ya Uluguru haina upweke ule unaofikiriwa. Sehemu ya chini hupita katikati ya vijiji na mashamba ya Waluguru, na asubuhi huwa na msongamano wa watu wanaoshuka sokoni na ndizi, maparachichi na mboga. Mara ya mwisho nilipita wakati wa masika, udongo mwekundu umelowa na vidato vilivyokatwa kwa jembe vimejaa maji. Bibi mmoja aliyekuwa akishuka na tenga kichwani, amevaa viatu vya plastiki vilivyokatika kisigino, alisimama pembeni kunipisha, akaitikia shikamoo yangu, kisha akauliza mwenzangu yuko wapi.

"Niko mwenyewe, bibi."

Alinitazama miguuni badala ya usoni. "Haya, mwanangu. Pale kwenye mgomba ulioanguka pita juu. Chini panateleza."

Akaendelea kushuka. Swali lake lilikuwa lile lile ninaloulizwa ofisini, lakini alipopata jibu hakunionea huruma wala kunishauri nirudi. Alinipa habari ya njia, kama ambavyo angempa yeyote anayepanda. Kwa watu wanaoupanda mlima kila siku, kuwa peke yako njiani ni jambo la kawaida, kwa kuwa wao wenyewe wanatembea hivyo tangu wakiwa watoto wanaotumwa dukani. Nilipofika kwenye ule mgomba nilipita juu.

Sina ugomvi na makundi. Yamewatoa vijana wengi wa Dar kwenye viti vya baa siku ya Jumamosi, na hilo ni jema. Lakini ukiwa katika kundi, mwendo unapangwa na mwingine, mahali pa kupumzika pamepangwa, na macho hubaki kwenye kisigino cha aliye mbele. Ukiwa mwenyewe unalazimika kuutazama mlima. Unaanza kujua kwamba ukungu ukishuka Lupanga kabla ya saa sita mchana kuna uwezekano wa mvua alasiri. Kwamba pumzi inayokatika kwenye mwinuko wa kwanza hurudi yenyewe ukipunguza hatua. Kwamba msitu ulionyamaza ghafla una jambo, na mara nyingi jambo lenyewe ni kima wanaokuchungulia. Unaamua mwenyewe kugeuka, na hakuna anayekucheka kwa kutofika kileleni. Uenyeji, kwa maoni yangu, hujengwa na maamuzi madogo ya namna hiyo, na nimeona kwamba siku ninayogeuza njiani kwa sababu ya mawingu narudi Dar nikiwa na uhakika zaidi wa nafasi yangu kule kuliko siku ninayofika juu nikisukumwa na wenzangu.

Usalama siupuuzi, na mwanamke anayeniambia anaogopa simjibu kwa maneno matamu, kwa kuwa hofu yake ina msingi, mjini na mlimani. Kutembea peke yako hakumaanishi kutoweka. Dada yangu anajua njia ninayopita na saa ninayotarajia kushuka. Ninasalimia kila nyumba ninayoipita, maana wanaokusalimia asubuhi ndio watakaouliza jioni mbona hujarudi. Na ninahakikisha niko chini kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu giza letu huingia haraka. Ndani ya msitu wa hifadhi ninalipia kibali, na kwa njia nisiyoijua ninamchukua mwongozaji wa kijijini. Kuwa naye hakuniondolei upweke ninaoutafuta. Waongozaji wa Uluguru niliotembea nao wanajua kunyamaza, na malipo yao hubaki katika kaya zinazoulinda mlima.

Ninachokiomba kwa wanaoendesha safari hizi ni kidogo. Wengi huweka bei kwa kundi, na ukisema uko peke yako unatajiwa gharama ya watu wanne, au simu haipokelewi tena. Wekeni bei ya mtu mmoja. Vibao vya njia viwe kwa Kiswahili, vitaje umbali na muda wa kutembea, ili anayekuja bila mwenyeji asitegemee bahati. Na kwa msomaji wa Gongo la Mboto au Mbagala anayetamani lakini hana uhakika, msitu wa Pugu Kazimzumbwi uko ndani ya nauli ya daladala, una vilima vya kukutoa jasho na mapango yenye popo, na pale getini ukiulizwa uko na nani, unaweza kujibu kwamba uko mwenyewe na ukaomba uonyeshwe njia.