Eti "kimvua tu hiki"

Juzi tumezunguka angani dakika arobaini nzima kwa sababu rubani katuambia kuna dhoruba uwanjani na hashuki mpaka ipite, basi jamaa wa siti ya mbele yangu akaanza, eti tunacheleweshwa kwa kimvua, eti hawa wa hali ya hewa wakisema itanyesha linawaka jua. Watu wakacheka. Mimi sikumjibu maana najijua nikianza sikomi, ndo naleta hasira zangu huku.

Hicho kimvua unachokicheka, kuna mzee wa Kijapani alikihangaikia mpaka wenzake wakamchoka. Tetsuya Fujita, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wengi wanamjua kwa kile kipimo cha 1971 cha nguvu za tornado (ule upepo unaozunguka kama mrija toka winguni mpaka ardhini), F0 dhaifu mpaka F5 kali kabisa. Haya, kasi za upepo alizokisia kwa ngazi za juu za kipimo zilikuja kuonekana kubwa mno, Marekani wakakirekebisha 2007, nakubali yaishe. Mimi namtaka Fujita wa ndege.

Juni 24, 1975, Boeing 727 inashuka New York kwenye radi, ikaanguka kabla ya kufika, watu 113 wakafa. Na muda mfupi kabla yake ndege nyingine imetua palepale, nyingine imekoswakoswa ikapaa tena! Rahisi kusema rubani kazembea, si ndiyo? Fujita akazichambua rekodi za ndege moja moja, akasema kuna hewa imeporomoka toka kwenye wingu kama maji ya ndoo yakimwagwa sakafuni, yanapiga chini yanatawanyika pande zote. Ukiingia unapokelewa na upepo wa mbele, ndege inanyanyuka, rubani anapunguza nguvu ya injini, kumbe mbele kuna hewa inayokukandamiza chini, halafu upepo wa mgongoni, kasi inakata na ardhi ndo hiyo. Akaiita maikrobasti. Upana wake hauzidi kilomita 4 na inakwisha ndani ya dakika chache, ndo maana mwenzako anatua salama wewe unakufa.

Aliijuaje? Hapa ndo napapenda. 1945 alikuwa anafundisha jirani na Kokura, mji wa Japani uliolengwa na bomu la atomiki la Agosti 9 ukaponea kwa wingu na moshi (mtu wa mawingu kaokolewa na mawingu, we acha tu), bomu likaishia Nagasaki. Akaenda kukagua uharibifu huko na Hiroshima, akaona vitu vimelazwa kuelekea nje kutoka nukta moja. Miaka 29 baadaye, baada ya zile tornado zilizopiga Marekani Aprili 1974, yuko kwenye kindege juu ya msitu, anaona miti imelala vilevile, kama spoki za baiskeli. Tornado inazungusha, hailazi miti hivyo.

Wataalamu wakambishia, eti hewa hiyo inaishiwa nguvu kabla ya kugusa chini. 1978 zikawekwa rada za Doppler, zile zinazopima mwendo wa upepo, karibu na Chicago, zikazinasa hizo maikrobasti. Siku hizi marubani wanafundishwa kuzikwepa na viwanja vikubwa vya Marekani vina rada za kuzivizia, yeye alishafariki 1998.

Tulipotua ardhi bado inatiririka maji. Na yule jamaa ndo alikuwa wa kwanza kusimama kuchukua begi, taa ya mkanda haijazimwa, analalamika mlango unachelewa kufunguliwa.