Saraka ya ofisi isiishie kwenye pasiwedi

Juzi dada mmoja wa manunuzi kanifuata mezani anatafuta namba ya mhasibu wetu wa Dodoma. Ameshauliza kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, watu wameona hakuna aliyejibu, akaenda kuangalia ile karatasi ya ekstensheni iliyobandikwa mapokezi, akakuta jina la mhasibu aliyestaafu zamani. Nusu saa imeshaenda hapo. Na kila asubuhi huyo dada akiwasha kompyuta anapita kwenye Active Directory, ile saraka ya Microsoft inayotunza majina na pasiwedi zetu, ambayo ina nafasi kabisa ya hiyo namba, nikaifungua pale pale mbele yake, nikakuta patupu.

Iliniuma kwa kweli, maana kazi hiyo ni yetu watu wa TEHAMA. Mtumiaji wa kawaida anaijua saraka siku akaunti yake imefungwa tu, basi. Wakati hizi saraka zilianza kama kitabu cha simu jamani! X.500 ya 1988, kile kiwango cha kimataifa cha saraka za kompyuta, ilikuwa na namba ya simu, cheo, mpaka anwani ya posta, halafu ikaonekana nzito mno kwa kompyuta ndogo, ndo Chuo Kikuu cha Michigan wakatoa LDAP, njia nyepesi ya kuulizia saraka, mwaka 1993 kuirahisisha. Windows 2000 ikaja na Active Directory, sisi tukaikumbatia kwa ajili ya kulogin, hicho kitabu chenyewe tukakiacha.

Mimi naona tuanze na vitu vinne tu: simu, cheo, idara na bosi wa mtu. Ukijaza hapo kwa bosi, mfanyakazi mgeni akibonyeza jina kwenye Outlook, ile programu ya barua pepe, anaona nani yuko chini ya nani, anajua fomu ya likizo aipeleke kwa nani bila kuzunguka ofisi nzima anauliza. Na printa nazo, nani ataelewa PRN-03? Jaza eneo, andika "ghorofa ya 2, karibu na masijala", mtu aitafute mwenyewe.

Shida kubwa ni taarifa kuchakaa, na hapo ndo wengi wanakata tamaa. Cheo na idara wabadilishe utumishi, wao ndio wenye barua ya uhamisho, sisi tunasikiaga mwishoni kabisa. Namba ya simu abadilishe mwenyewe, Active Directory inamruhusu mtumiaji kurekebisha namba yake tangu mwanzo, tatizo hatujampa pa kuibadilishia, kifomu kidogo tu kwenye intaneti ya ndani kingetosha. Ila namba binafsi ya mtu usiiweke bila kumuuliza, tafadhali sana, ofisi nzima inaiona, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 ipo.

Siku ile nilimpigia mkuu wa tawi nikapata namba nikaijaza, halafu nikamuonyesha yule dada jinsi ya kutafuta jina. Wiki hii karudi, ameshazoea, anauliza mbona madereva hawamo, yeye anawahitaji kuliko hata wahasibu. Kweli hawamo, kwa sababu hawana kompyuta tukawaruka, kumbe unaweza kumuweka mtu kama kontakti tu bila akaunti wala pasiwedi. Nimeshaweka watatu, kesho namalizia waliobaki.