Kompyuta Mpya ya Mjomba na Wadaiwa wa Harusi

Kamati ya harusi ya binamu yangu ilipoamua kununua kompyuta mpakato ya kutunzia hesabu za michango, mimi niliyekuwa katibu nilipendekeza tuchukue ThinkPad ya mtumba pale Kariakoo, zile nyeusi zenye kitufe chekundu katikati ya kibodi, ambazo makampuni ya Ulaya huzinunua kwa fedha nyingi, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa jumla zikiwa bado na nguvu zake. Niliyooneshwa iliuzwa shilingi 550,000, na fundi aliifungua mbele yangu kwa bisibisi ili nijionee kwamba diski na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, vyote vinabadilishika. Mpwa mmoja alitaka MacBook, lakini kwa bei yake tungelipia ukumbi pamoja na mapambo, hivyo hoja yake ilikufa kabla ya soda kufika mezani.

Mjomba, aliyekuwa mwenyekiti, alikataa katakata. "Mimi sinunui kitu ambacho Mzungu amekichoka," alisema, na kesho yake akaja na kompyuta mpya ya boksi, nyembamba, ya rangi ya dhahabu, aliyoinunua kwa shilingi 420,000. Kioo chake kilikuwa na plastiki, na mjomba alipiga marufuku plastiki hiyo kubanduliwa.

Ugonjwa wa chombo kile haukuonekana kwa macho. Hifadhi yake ilikuwa gigabaiti 32 tu, nayo haikuwa diski ya kuchomoa bali chipu iliyolehemiwa kwenye bodi, na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, peke yake ulikuwa umekwisha kukalia zaidi ya nusu. Sasisho kubwa linapokuja, mfumo hutaka nafasi ya kupakua mafaili mapya huku ya zamani yakiwa bado yapo, ili mambo yakiharibika uweze kurudi ulikotoka. Nafasi hiyo sisi hatukuwa nayo.

Kikao cha mwisho kilifanyika Jumapili jioni katika baa moja ya Sinza, tukiwa na projekta ya kukodi kwa saa na ajenda moja tu, yaani kusoma majina ya wale ambao hawajatimiza ahadi zao. Mjomba alikohoa, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa kidole cha shahada, na ukutani, badala ya orodha, ikatokea rangi ya bluu, vidoti vinavyozunguka, na onyo kwamba sasisho linaendelea, tusizime kompyuta. Asilimia 3.

"Inajiandaa," mjomba alitufafanulia.

Ilijiandaa hadi asilimia 27, ikatua hapo. Mishkaki ikaliwa ikaisha, ikaagizwa mingine. Ndipo shemeji mmoja, aliyeahidi laki mbili tangu kikao cha kwanza na hajawahi kutoa hata nauli ya bajaji, aliposimama na kuiweka kola yake sawa. "Ndugu mwenyekiti, kwa kuwa orodha haionekani, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mimi ahadi yangu niliimaliza, tena taslimu." Mzee mmoja naye akakumbuka kwamba alimaliza. Baada ya muda mfupi kamati haikuwa na mdaiwa hata mmoja. Kilichokosekana ni hela ya kumlipa mpishi tu, na mwenye projekta alikuwa ameanza kuhesabu saa nyingine.

Hatimaye mashine ilitangaza kwamba imeshindwa na kwamba inarudisha mambo yalivyokuwa. Orodha ilipojitokeza, shemeji alikuwa amekwisha kuaga kwa heshima zote, akiwa na mishkaki ya kufungiwa mkononi, na sifuri yake ikabaki pale ukutani, kubwa kama tairi la lori.

ThinkPad ilinunuliwa wiki hiyohiyo. Mjomba aliilipia kwa fedha yake mwenyewe, na wageni wakimuuliza huwaambia kwamba aliiagiza Ulaya. Katika ukoo mzima mtetezi wa kompyuta za bei rahisi amebaki mmoja tu, yule shemeji, ambaye laki zake mbili tunazisubiri hadi leo.