Mashine ya Kujazia Risasi: Nunua Ile Inayokuonyesha Baruti

Karibu kila anayetaka kuanza kujaza risasi zake nyumbani huanza na swali moja: mashine hii inatoa ngapi kwa saa? Namwelewa. Mtu anayepiga shabaha kila wiki humaliza risasi 200 kabla jua halijapanda sawasawa, na kujaza maganda yaleyale upya humpunguzia gharama, kisha humpa risasi zinazoipenda bunduki yake. Lakini mimi huwa namrudishia swali jingine, na kwangu hilo ndilo la kwanza: ukishatia baruti kwenye ganda, utaiona kwa macho yako kabla kichwa cha risasi hakijaifunika?

Sababu ya kung'ang'ania swali hilo ni siku moja tu. Nilikuwa nimeazima mashine ya mfululizo, ile inayofanya kazi kadhaa kwa mshusho mmoja wa mpini. Nilikuwa naenda vizuri, mkono umeshika mwendo, mara fataki moja, kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, ikakataa kuingia. Nikasimama, nikatoa ganda lililoleta shida, nikarekebisha, nikaendelea. Katika kule kutoa na kurudisha, ganda moja lilipita bila baruti na wala sikujua. Siku mbili baadaye uwanjani nikafyatua bastola, ikatoa mlio hafifu kama mtu aliyegonga meza kwa kidole. Mkono haukurushwa hata kidogo. Mwenzangu aliyesimama kando akapaza sauti: "Simama! Usifyatue tena!" Tukaitoa risasi iliyobaki, tukapitisha ufito mwembamba kwenye mtutu. Ukaishia katikati. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama humo.

Fataki peke yake ina nguvu ya kutosha kukisukuma kichwa mpaka ndani ya mtutu, ila haina nguvu ya kukitoa nje. Ningefyatua ya pili juu yake, mtutu ungeweza kupasuka mkononi mwangu. Kosa lililo kinyume chake ni baya zaidi: baruti kuingia mara mbili kwenye ganda moja. Chukua .38 Special, risasi ya bastola. Ganda lake lilibuniwa mwaka 1898, likajazwa kwanza baruti nyeusi inayohitaji nafasi kubwa. Baruti ya kisasa isiyo na moshi huishia chini kabisa, kiasi kwamba vipimo viwili hukaa humo bila kumwagika, na kichwa kikaingia vizuri kana kwamba hakuna kitu. Kwa .30-06, risasi ya bunduki ndefu, ni tofauti, kwa sababu kipimo cha kawaida hujaza zaidi ya nusu ya ganda. Ukikosea ukarudia, baruti itafurika mezani na utashtuka papo hapo. Kwa hiyo anayejaza risasi za bastola ana sababu kubwa zaidi ya kuangalia ndani, na hao ndio hasa wanaovutiwa na mashine za kasi.

Kazi yenyewe ina hatua chache. Ganda lililotumika hubanwa lirudi kwenye umbo lake huku fataki kuukuu ikisukumwa nje, kisha huingizwa fataki mpya, hutiwa baruti iliyopimwa, na mwisho huwekwa kichwa na mdomo wa ganda kukazwa. Hatua nyingi hufanywa na kalibu, chuma cha mviringo kinachofungwa juu ya mashine. Kalibu nyingi zina nyuzi za kipimo kimoja, kipenyo cha inchi 7/8 na nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo ukibadilisha mashine kwa kawaida unabaki na kalibu zako. Hilo linapunguza hofu ya kununua mashine ndogo kwanza.

Na ndogo ndiyo ninayoipendekeza. Mashine ya hatua moja hushika kalibu moja tu kwa wakati. Unabana maganda 50 yote, unayapanga kwenye trei ya mashimo, unatia fataki yote, unatia baruti yote, halafu unachukua tochi. Hapo ndipo ninapoipenda. Unainamisha tochi juu ya trei na kutazama safu kwa safu. Macho huona upesi sana ganda ambalo baruti yake iko chini au juu kuliko za jirani zake. Hakuna kifaa nilichowahi kutumia kinachonipa utulivu kama dakika hiyo moja. RCBS Rock Chucker imetumika hivyo kwa miongo mingi. Fremu yake ya chuma cha kusubu imezunguka pande zote kama herufi O, na hilo ni muhimu unapobana ganda refu la bunduki, kwani fremu iliyo wazi upande mmoja hujipinda kidogo chini ya nguvu. Forster Co-Ax nayo ni nzuri kwa namna yake. Kalibu zake huchomekwa kwa kuteleza badala ya kufungwa kwa nyuzi, na fataki kuukuu hushuka moja kwa moja kwenye chombo chake bila kutapakaza majivu mezani. Majivu hayo si ya kupuuzwa, maana fataki nyingi zina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Nawa mikono, na usile chochote kwenye meza ya kazi.

Ubaya wa hatua moja ni muda. Utapata labda risasi 50 hadi 100 kwa saa ukihesabu kila kitu. Kwa mwindaji hizo ni nyingi mno. Kwa mpiga bastola wa mashindano ni chache, sibishani naye.

Huyo ningemwelekeza kwenye mashine yenye sahani inayozunguka, ambapo kalibu zote hukaa juu pamoja na sahani hugeuka kutoka kalibu moja hadi nyingine. Lee Classic Turret hugeuza sahani yenyewe kila unaporudisha mpini, na ukitaka kujifunza taratibu unatoa kile chuma kinachoizungusha, inakuwa mashine ya hatua moja. Ganda ni moja tu wakati wote, liko mbele yako, unaliona likipokea baruti. Kwangu huo ndio mpaka wa kasi ambao mtu bado anakagua kila risasi bila kujilazimisha.

Mashine za mfululizo sizikatai. Dillon RL 550 ina vituo vinne na wewe ndiye unayezungusha kwa kidole, kwa hiyo ukisimama katikati lazima ukumbuke ulikuwa umefika wapi. Zinazojizungusha zenyewe hukuondolea kosa hilo, na zikiwa na vituo vitano unaweza kuweka kalibu ya kukagua kimo cha baruti. Wazoefu hupita risasi 400 kwa saa. Lakini maganda manne au matano yako katika hatua tofauti kwa wakati mmoja, na anayejifunza hajui bado kila hatua inavyohisi mkononi. Fataki inapokaa sawa, mkono huijua: husukuma, hulegea kidogo, kisha hugota. Hisia hiyo niliipata kwenye mashine ya polepole. Nilipoazima ile ya kasi nilidhani ninayo tayari, na sikuwa nayo.

Mizani usiifanyie ubahili. Baruti hupimwa kwa greni. Greni 7,000 ni ratili moja, na greni moja ni kama miligramu 65. Usahihi tunaouzungumzia ni wa sehemu ya kumi ya hiyo, yaani chembe chache. Nunua na vijiwe vya kuhakikishia mizani, na vitumie kila unapoketi. Vipimo vichukue kwenye kitabu cha watengenezaji wa baruti au vichwa, usivichukue mdomoni mwa mtu, hata mimi. Mezani iwepo kopo moja tu la baruti, lile unalotumia. Vaa miwani. Na kabla ya yote hakikisha sheria ya nchi yako inakuruhusu, kwani kuna mahali ambapo kumiliki fataki na baruti bila kibali ni kosa.

Ukipata mashine ya chuma iliyotumika, usiogope rangi iliyobanduka. Inua nguzo inayobeba ganda hadi juu, ishike, itikise kushoto na kulia. Ikicheza sana, achana nayo. Ikikaa imara, isafishe, itie mafuta, ifunge kwa bolti kwenye meza nzito isiyotikisika, kisha weka tochi mahali mkono wako utaifikia bila kuitafuta.