Vidonge vya Antioksidanti Havijui Mionzi Imepiga Wapi

Nimetumiwa tena tangazo la vidonge vya antioksidanti vinavyodaiwa kuikinga DNA dhidi ya "mionzi ya kila namna", na kama kawaida simu imo katika orodha ya maadui. La simu sitalipotezea muda: mawimbi yake hayana nishati ya kung'oa elektroni kwenye molekuli, basi. Kinachonikera ni dhana kwamba mionzi na oksijeni huiharibu DNA kwa namna moja, na kwamba anayezizima radikali huru, yaani chembe zenye elektroni isiyo na mwenza na zinazoshambulia molekuli za jirani, amemaliza kazi.

Nakiri, shingo upande, kwamba dhana hiyo haikuzuka hewani. Eksirei na miale ya gama zinapopita ndani ya seli huyavunja maji na kuzalisha radikali ya haidroksili, ambayo ama hunyakua haidrojeni kwenye sukari ya DNA na kuukata uzi, ama huivamia guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA, na kuigeuza kuwa oksoguanini, ambayo huweza kuoana kimakosa na herufi nyingine, adenini, DNA inaponakiliwa. Takriban theluthi mbili za madhara ya miale hiyo hupitia njia hii. Radikali hiyohiyo huzaliwa ndani yetu kila siku bila mionzi yoyote, pale peroksidi ya haidrojeni inapokutana na madini ya chuma.

Ikiwa kemia ni moja, mbona seli hustahimili maelfu ya majeraha ya oksidisheni, yaani ya radikali hizo za kila siku, kwa siku, ilhali grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 4 au 5, zikiupiga mwili mzima kwa mara moja, huweza kuua karibu nusu ya watu wasiotibiwa, ingawa nishati yake ingeupasha mwili joto kwa takriban sehemu moja tu ya elfu ya digrii? Jibu limo katika mpangilio wa majeraha. Oksidisheni hujeruhi hapa na pale, na vimeng'enya hukiondoa kipande kilichoharibika na kujaza pengo kwa kuusoma uzi wa pili uliobaki mzima. Tomas Lindahl, aliyetufunulia sehemu kubwa ya kazi hiyo, alikuwa miongoni mwa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2015. Mionzi humwaga nishati yake kwa mafungu, hivyo radikali kadhaa huzaliwa ndani ya nanomita chache na kuzijeruhi nyuzi zote mbili karibu mahali pamoja. Hapo hakuna uzi mzima wa kusomwa, na lililo baya zaidi, vimeng'enya vyenyewe vinapojaribu kung'oa majeraha mawili yanayotazamana huweza kuikata DNA vipande viwili. Seli zilizotiwa peroksidi ya haidrojeni huweza kubeba mikato ya uzi mmoja mingi kuliko ile inayoachwa na dozi ya mionzi inayoua, na zikaendelea kuishi.

Miale ya urujuanimno, kwa taarifa ya muuzaji, huziunganisha timini mbili jirani, nazo ni herufi za DNA, moja kwa moja bila kuhitaji radikali.

Ipo dawa inayozima radikali za mionzi kweli, amifostini, lakini hudungwa mshipani muda mfupi kabla ya tiba ya mionzi, na huleta kichefuchefu na kushusha shinikizo la damu. Vidonge navyo vilishajaribiwa: nchini Ufini, matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba wanaume wavutaji sigara waliopewa beta-karotini, mojawapo ya antioksidanti, walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18, kuliko wenzao ambao hawakupewa. Hilo tangazo halikulitaja.